Kikohozi cha Baba Mkwe

Mwezi uliopita alikuja afisa wa bima shuleni kwetu, hapa Ipyana, kutueleza mambo ya bima ya afya kwa wote. Walimu tulikusanyika chumba cha kidato cha tatu, tukabanana kwenye madawati ya wanafunzi, tukasikiliza. Alikuwa mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Alipomaliza akauliza ni huduma gani tungependa ziongezwe kwenye kitita. Mwalimu wa kemia akasema miwani. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye magego yake yote yamebaki historia, akasema meno ya bandia. Mimi nikanyoosha mkono nikasema: washauri wa ndoa na familia.

Chumba kizima kikacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu walioketi muda mrefu. "Mwalimu wa hesabu," mmoja akasema, "shemeji amekukosea nini tena?" Afisa akatabasamu, akaandika, akasema atalifikisha panapohusika. Nikakaa. Mimi si mtu wa kunyamaza nikichekwa, wanafunzi wangu ni mashahidi. Siku ile nilinyamaza kwa sababu jibu langu lilikuwa refu, na ndani yake kulikuwa na makaburi mawili.

Niliolewa Ndandalo miaka kumi na saba iliyopita, na kwa miaka yote ile sikuwahi kumtazama baba mkwe usoni. Kwetu Wanyakyusa mkamwana humkwepa baba wa mumewe. Haongei naye, hakai naye chumba kimoja, hali mbele yake, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake shambani. Wengi siku hizi wameacha. Wenzangu wa shuleni wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha harusini, na mchungaji wetu amesema zaidi ya mara moja kwamba Mungu hana shida na mambo hayo. Mimi sikuacha. Mama mkwe aliishika mila ile, nami nilimpenda mama mkwe, na sababu nyingine sina.

Mtu asidhani ilikuwa chuki. Nyumba yetu na yao zilitenganishwa na migomba tu. Baba mkwe alipotaka kupita upande wetu kwenda kwenye mikakao yake, alikohoa mara mbili akiwa bado mbali. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake. Nikikisikia kikohozi kile nilijitanda kanga, nikaingia ndani au nikageukia ukuta mpaka apite. Naye akipita aliacha kitu juu ya gogo lililokuwa karibu na jiko: ndizi mbivu, siku nyingine parachichi, na nilipojifungua mtoto wa kwanza aliacha kambale wawili waliofungwa kwenye jani la mgomba. Jioni mama mkwe akaniletea neno lake. "Anasema ndaga fijo," akaniambia, ahsante sana, kana kwamba ni mimi niliyempa yeye samaki.

Kila alichotaka kuniambia kilipita kwa mama mkwe, na majibu yangu yalirudi kwa njia hiyo hiyo. Tuliishi vizuri. Nimeona watu wanaoongea kutwa nzima wakiishi vibaya kuliko sisi.

Uso wake niliujua kwa picha ya kadi ya bima. Mimi ni mtumishi wa serikali, na bima yangu iliniruhusu kuwaandikisha wazazi wa mume kama wategemezi. Kwenye fomu, jina lake aliliandika mume wangu; mimi nilitia sahihi. Kadi ilipotoka niliitazama mara moja: mzee mwenye masikio makubwa kama ya mume wangu, amekaza midomo mbele ya kamera. Niliigeuza haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha. Alipougua, mimi nilitangulia dirisha la bima pale hospitali, nikaisukuma kadi chini ya kioo. Karani akiuliza mgonjwa ni nani, nilisema, "Huyo hapo kwenye kadi." Kisha nikazunguka nyuma ya jengo kabla mzee na mama mkwe hawajaingia.

Sasa niseme jambo lenyewe. Mume wangu anauza vipuri vya pikipiki na baiskeli Kasumulu, mpakani. Alikuwa na mdogo wake mmoja, kijana mcheshi, aliyeniita mama mdogo kwa kunichokoza wakati mimi ni shemeji yake. Mume wangu alimnunulia pikipiki abebe abiria. Siku moja ya mvua za masika kijana akateleza kwenye daraja dogo la kuelekea mjini, akagonga lori lililoegeshwa, akafa kabla ya kufika hospitali. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga gunia la kakao la baba yake. Gunia lilipasuka, na watu waliokwenda kumchukua walikanyaga kakao barabara nzima.

Kaburini, udongo ukiwa bado unafukiwa, baba mkwe alisema mbele ya watu wote: "Aliyenunua pikipiki ajue kwamba alinunua jeneza."

Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nimegeuka, lakini masikio hayageuki. Mume wangu alikuwa ameshika koleo. Aliliweka chini polepole, akavuka watu, akaenda hadi barabarani, akarudi Kasumulu na nguo zile zile zenye udongo. Kuanzia siku hiyo yeye na baba yake hawakupeana hata salamu kwa miaka mitatu. Wazee wa ukoo walijaribu. Mchungaji alijaribu. Watu wakasema wagombanao ndio wapatanao, wakaenda zao, wakaiachia methali ifanye kazi.

Haikufanya. Mume wangu alikuja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumatatu, akipita nyuma kwenye majaruba ya mpunga asikanyage mbele ya mlango wa baba yake. Watoto walijifunza kutotaja neno babu mezani. Na upande wa pili wa migomba, baba mkwe aliacha kulala. Mama mkwe alinieleza kwamba alfajiri humkuta ameketi juu ya sanduku la kuvundikia kakao, amekaa tu. Presha ilipanda. Walimbadilishia vidonge mara tatu, na mara zote tatu bima ililipa bila kuuliza swali.

Ndipo akaja yule dada pale hospitali. Alikuwa mshauri wa ndoa na familia, ameyasomea, mtu wa kutoka upande wa Bukoba, asiyejua neno moja la Kinyakyusa. Walimpa chumba mwisho wa korido kilichokuwa stoo ya magongo. Daktari wa presha alipochoka na vidonge vyake akaniambia, "Mwalimu, mpelekeni mzee kwa yule dada. Na mwanawe aje." Nilishangaa kwamba mtu anaweza kusomea jambo ambalo sisi tunawaachia wajomba.

Kumpata mume wangu kulinigharimu wiki sita za maneno. Kumpata baba mkwe kulikuwa rahisi, na urahisi huo nataka ueleweke, kwa sababu ndio msingi wa habari hii. Alikubali kwa kuwa ilikuwa hospitali. Kadi ile ile, dirisha lile lile, siku ya kliniki. Hakuwa anaenda kusuluhishwa na mwanawe. Alikuwa anaenda kutibiwa presha. Mzee wa kwetu anaweza kwenda kutibiwa bila kuona aibu mbele ya mtu yeyote.

Yule dada alikuwa ameweka viti vinne. Nilipofika mapema kumweleza kwamba kiti cha nne hakiwezekani, kwamba nikiingia mimi mzee atatoka, nilitegemea acheke au anihubirie. Alifikiri kidogo, akakibeba kiti mwenyewe, akakipeleka nje nyuma ya jengo, chini ya dirisha lenye pazia la kijani. "Wewe kaa hapa," akasema. "Na wewe ni wa familia hii. Nikikuhitaji nitasogea dirishani." Nikakaa. Mpaka leo sijapata kuona heshima kubwa kuliko ile kutoka kwa mtu asiyeijua mila yetu.

Aliingia baba mkwe kwanza, peke yake. Mume wangu alikuwa mbele, kwenye benchi la wagonjwa, akisubiri zamu yake. Nilimsikia mzee akijibu maswali ya presha, ya usingizi, ya bei ya kakao. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua maneno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kisha yule dada akamuuliza habari za mwanawe aliyefariki. Nikasikia kiti cha mzee kikisogea upande wa dirisha.

Halafu akakohoa. Mara mbili.

Mwili wangu uliinuka wenyewe. Kanga ilikuwa tayari kichwani. Miaka kumi na saba kikohozi kile kilikuwa na maana moja tu: ondoka, napita. Nilijua napaswa kwenda hadi kwenye mti wa mbali kule ambako wanawake hufulia mashuka. Nikarudi kukaa. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimechoka kuishi katikati ya kimya cha wanaume wawili, nikataka kusikia.

"Siku ile mimi ndiye niliyemtuma," baba mkwe akasema. "Mvua inanyesha. Akaniambia, baba, tungoje ipungue. Nikamwambia ghala la kakao litafungwa, nenda. Mkubwa hana kosa. Kosa ni langu."

Yule dada akamuuliza, "Mwanao mkubwa anajua?"

"Hajui."

"Utaweza kumwambia?"

"Siyo leo," akasema. "Siku ya pili. Hapa hapa, mbele yako."

Nililia pale chini ya dirisha huku nimeuma ncha ya kanga. Mume wangu alipoingia zamu yake, alijibu ndiyo na hapana tu, lakini alikubali kurudi baada ya wiki mbili akae chumba kimoja na baba yake. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza baba alisema nini. Nikamjibu, "Siku ya pili atakuambia mwenyewe." Alinunua mahindi mawili ya kuchoma, akanipa moja. Alikuwa hajaninunulia kitu njiani tangu msiba.

Wiki iliyofuata nilikwenda dirisha la bima kuulizia miadi. Karani, mama wa makamo aliyenizoea, alitoa fomu yetu ya siku ile ya mshauri chini ya rundo. Ilikuwa imerudi. Alinionyesha kwa kalamu: mahali pa mgonjwa pana nafasi ya mtu mmoja, mahali pa ugonjwa pana ugonjwa mmoja, na mtoa huduma hayumo kwenye orodha. Nilibishana naye. Nilimwambia mzee presha yake inatokana na jambo lile, na jambo lile lina watu wawili, hivyo mgonjwa ni wawili. Nilimchorea hata kwenye karatasi, kama nilivyozoea ubaoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," akasema kwa upole, "bima inalipia mgonjwa. Hailipii ugomvi."

Hapo nilifanya kosa la kwanza. Ningeweza kulipia kikao cha siku ya pili mimi mwenyewe na kunyamaza. Haikuwa fedha ya kunishinda. Mzee angekuja na kadi yake, ningeipokea dirishani na kuirudisha, naye asingejua. Lakini mimi nimezoea kuandika hatua zote za hesabu, siwezi kuruka hata moja. Nilimweleza mama mkwe ukweli wote: fomu imerudi, bima haiitambui huduma ile, lakini tusijali, tutalipia wenyewe. Mama mkwe alivuka migomba na ukweli wangu, akaufikisha kama ulivyo, hakupunguza wala kuongeza.

Jioni akarudi na jibu. "Anasema, kama bima haiitambui, basi si matibabu. Anasema yeye anaumwa presha. Haendi hospitali kuungama."

Ningekuwa mkamwana wa sasa ningevuka migomba mwenyewe, nimpigie magoti, nimweleze kwamba orodha inaandikwa na watu ofisini na watu husahau. Sikuweza. Nilimtuma mama mkwe tena, na tena, na neno likawa linapoa njiani kama chai. Siku ya miadi mume wangu alikuja kutoka Kasumulu, amenyoa ndevu. Akakaa kwenye benchi la korido tangu saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Baba yake hakutokea. Aliporudi nyumbani hakupiga kelele. "Umeona?" aliniambia. "Hakutaka." Miezi miwili baadaye yule dada wa Bukoba naye akaondoka, kwa kuwa chumba kisichoingiza chochote kwenye fomu hakiwezi kuwa na mtu. Wakarudisha magongo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na lilikuwa la kimya. Nilikuwa na maneno ya baba mkwe mkononi. Ningeweza kumwambia mume wangu siku yoyote: baba yako amekiri, ni yeye aliyemtuma mdogo wako, hana neno nawe. Sikusema. Nilijihesabu mwizi. Alikohoa niondoke, sikuondoka, kwa hiyo maneno yale niliyasikia kwa kuvunja heshima, na kitu cha wizi hakigawiwi. Ndivyo nilivyojiambia. Mume wangu aliponiuliza tena kile alichotaka kusema baba yake, nilimjibu kwamba si maneno yangu. Akaenda kufunga mlango wa banda.

Miezi minne baada ya siku ile ya pazia la kijani, baba mkwe alianguka kando ya sanduku lake la kakao asubuhi wakati mama mkwe anakamua mbuzi. Kiharusi. Alilala wodini siku mbili bila kusema. Nilikaa nje, nyuma ya ukuta wa wodi, kama kawaida. Mume wangu alifika siku ya pili mchana, akasimama mlangoni mwa wodi, akaingia, akakaa kitandani kwa baba yake akamshika mguu. Mama mkwe ameniambia kwamba mzee alifungua macho. Sijui kama aliona.

Baada ya msiba nilikwenda kumwondoa kwenye bima, kwa sababu hata kufa kuna fomu yake. Mume wangu alinisindikiza. Karani yule mama alikuwa likizo; alikuwapo binti mgeni, ana haraka zake. Nikaisukuma kadi.

"Jina la mtegemezi?" akauliza.

"Huyo hapo kwenye kadi."

"Kadi imefutika. Nitajie jina."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameangalia sakafu, na niliona kwamba hataweza kulitaja, si kwa mila, ila kwa machozi. Basi nikalitaja mimi. Majina yote matatu, moja baada ya jingine, kwa sauti, mbele ya watu waliobeba vichupa vya mkojo. Binti akaandika. Nilijihisi kama nimemvua mzee nguo hadharani. Nikatoka nje nikasukutua kinywa kwenye bomba.

Nilidhani nimefika mwisho wa uchungu. Majuto ni mjukuu, huja na wenzake.

Jumamosi moja tulikuwa tunaanika kakao na mama mkwe, tumetandaza mikeka mbele ya nyumba yake, tunazigeuza kwa viganja. Mama mkwe akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza habari za chumvi.

"Mwanangu, kwani ulikuwa umwambie nini mume wako?"

"Lini, mama?"

"Mzee alikuwa akiniuliza kila jioni. Tangu ile siku ya hospitali. Anakaa pale, ananiuliza, 'Mkamwana bado hajamwambia?' Namuuliza amwambie nini, hasemi. Anasema wewe unajua. Anasema aliiona kanga yako dirishani, akakohoa ujue anaongea na wewe."

Viganja vyangu vilisimama juu ya mkeka.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Alinikataza nisikuharakishe. Alisema wewe ni mtu wa kupima, utajua wakati wake." Akanitazama, akingoja. Alikuwa na kakao imemganda kwenye pete. "Ilikuwa nini?"

Nikaelewa kwamba hata yeye hajui. Siku ya ajali alikuwa sokoni mjini. Mumewe hakuweza kumwambia mama wa mtoto kwamba ni yeye aliyemtuma mvuani, ndiyo maana safari hii hakutumia njia yetu ya miaka yote. Alinichagua mimi. Alikohoa kunikaribisha kwenye neno, nami nikalisikia kama la kunifukuza, na kisha nikaketi juu ya neno hilo miezi minne huku yeye upande wa pili wa migomba akihesabu jioni.

"Alitaka ajue kwamba hana kosa," nikamwambia mama mkwe. Niliishia hapo. Sehemu iliyobaki ninayo mpaka leo, na nitakufa nayo.

Mume wangu nilimwambia yote siku hiyo hiyo, alipofika kutoka Kasumulu, kabla hajavua viatu. Alisikiliza akiwa amesimama. Alipoelewa aliniuliza swali moja tu: "Alisema lini?" Nikamwambia. Akakunja vidole. Mimi ndiye mwalimu wa hesabu lakini yeye ndiye aliyehesabu. "Miezi minne," akasema. "Nilipita nyuma ya mpunga miezi minne, na wewe unajua."

Hajanipiga, hajanitukana. Ingekuwa afadhali. Anakuja Jumamosi, anaondoka Jumatatu, na siku hizi anapita kule kule nyuma kwenye majaruba, ingawa mlango aliokuwa akiukwepa hauna mtu tena wa kumkwepa. Sasa mtu huyo ni mimi. Chakula anakisifia kupitia watoto. Nikiingia sebuleni anakumbuka kazi nje. Nimeishi miaka kumi na saba nikimkwepa mtu kwa heshima, kwa hiyo kukwepwa nakujua vizuri, na huku hakuna ndizi juu ya gogo.

Walipocheka pale shuleni, basi, yule aliyeuliza shemeji amekukosea nini hakuwa mbali na shabaha. Ila aligeuza upande. Mimi ndiye niliyekosa.

Juzi nimempata kwa simu yule dada wa Bukoba. Yuko Mbeya mjini sasa, ana chumba chake mwenyewe. Alinikumbuka, akaulizia mzee, nikamwambia. Akasema, "Njooni wawili. Safari hii kiti chako kitakuwa ndani."

Jumapili baada ya ibada nilimweleza mume wangu. Alikuwa anasafisha mnyororo wa baiskeli ya mtoto, tambara mkononi. Hakuinua kichwa. Nilimwambia kwamba kuna mtu wa kutusaidia, wa hospitali, yule yule, na kwamba mimi peke yangu nimeshindwa. Nilimwomba. Aliendelea kufuta mnyororo, pingili moja baada ya nyingine, mpaka nikadhani hakusikia.

"Hayo ni matibabu?" akauliza hatimaye. "Bima inalipia?"

Ilikuwa sauti ya baba yake, ile ya nyuma ya pazia la kijani. Niliyaona masikio yale makubwa, na midomo iliyokazwa ya kwenye kadi. Nikamkumbuka afisa mwenye kalamu mbili, aliyesema atalifikisha. Mimi sijawahi kumwambia mtoto wa watu kwamba mbili na mbili ni tano.

"Ndiyo," nikamwambia. "Inalipia."

Akaning'iniza tambara kwenye usukani. "Basi twende," akasema.